Jina Moja, Maandishi Manne: Vipi Tutawapata Mababu Zetu?

Mambo mawili yaliyotokea nchini katika miaka ya karibuni yamewarudisha watu wengi wa Pwani kwenye makasha ya zamani, kutafuta karatasi za mababu. La kwanza ni la mwezi wa Januari 2023, Serikali ilipowatambua Wapemba waishio Kilifi na Kwale kuwa jamii mojawapo ya Kenya, baada ya watu hao kukaa miaka mingi wakivua samaki, wakioa na kuzaa katika nchi isiyowapa kitambulisho. La pili ni la Februari 2025, Rais William Ruto alipotia saini, katika ziara yake ya Kaskazini Mashariki, tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa watu wa sehemu za mipakani kila walipoomba kitambulisho.

Yote mawili ni ya heri, nami sina la kuyapinga. Lakini yametukumbusha jambo moja: kwamba Serikali humjua mtu kwa karatasi, na karatasi humjua mtu kwa jina. Jina nalo, hapa kwetu, halikupata kukaa mahali pamoja. Mtu aliyeitwa Athmani na mamake, kadhi alimwandika Uthman, karani wa bandarini akamwandika Osman, na mwenye kuandika kodi akamwandika Othman. Ni mtu mmoja huyo, mwenye kanzu moja na kofia moja, lakini kwa karatasi ni watu wanne.

Mjukuu wake leo akitaka kuthibitisha kwamba babu alizaliwa hapa, au kwamba lile shamba la minazi ni la babu, au kwamba yeye ni katika warithi, huambiwa alete ushahidi kuwa wanne hao ni mmoja. Hapo ndipo zinapoanza safari za kwa wakili, hati za kiapo, mashahidi wazee ambao nusu yao wamekwisha kufa, na nauli isiyokwisha. Wengine huchoka wakaacha haki yao ikaenda.

SI SHIDA YA KWETU PEKE YETU

Yafaa tujue kwamba mataifa mengine yamepita njia hii hii kabla yetu. Wazungu ambao leo wanasifiwa kwa kuhifadhi nasaba zao katika vitabu vya kanisa, vitabu hivyo vimejaa majina yaliyoandikwa kila mtu apendavyo.

Huko Uingereza mambo yalianza 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoamrisha kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento uliamua 1563 kwamba makasisi waandike ndoa na ubatizo. Serikali ya Uingereza yenyewe haikuanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya watu wote mpaka Julai 1837. Kwa hivyo kwa muda wa miaka 300 hivi, Mwingereza aliyetaka kumjua babu yake hakuwa na pa kwenda ila kanisani.

Sasa tazama yaliyomo. Shakespeare, mtunzi anayejulikana dunia nzima, alibatizwa mjini Stratford tarehe 26 Aprili 1564. Daftari la parokia lilimwandika kwa Kilatini, Gulielmus badala ya William, na jina la babake likaandikwa Shakspere. Alipotaka kuoa, tarehe 27 Novemba 1582, karani wa askofu huko Worcester alimwandika Shaxpere, na bibi arusi akamwandika Anne Whateley. Kesho yake katika hati ya dhamana ya ndoa ile ile akaandikwa Shagspere, na bibi arusi akawa Anne Hathwey! Wapo waliodhani kuwa kijana huyo alikuwa na wachumba wawili. Lakini wataalamu wengi wameona kuwa ni kalamu ya karani tu iliyoteleza, kwani siku ile ile alikuwa akishughulikia kesi nyingine ya mtu mwenye jina la Whateley. Na sahihi za Shakespeare mwenyewe zilizobaki hazikuandikwa namna moja, wala hapana hata moja iliyoandikwa kama tunavyoliandika jina lake leo.

Ikiwa mtu mashuhuri kama huyo jina lake lilikuwa hivyo, je, mkulima asiyejua kusoma alikuwa na hali gani? Yeye alisema jina lake kwa mdomo, kasisi akaliandika kama sikio lake lilivyosikia. Kasisi akihama, mwingine alisikia vingine. Waingereza walijifunza, basi, kwamba katika vitabu vya zamani jina halisomwi kwa herufi bali kwa sauti.

KWETU MAMBO YALIKUWAJE

Hapa Pwani kalamu hazikuwa moja wala mbili. Kwanza palikuwa na hati za Kiarabu, za makadhi na masheha na matajiri. Hati za Kiarabu ni tukufu kwetu, lakini kwa jina la Kiswahili zina mashaka yake. Hazina P wala V ya asili, kwa hivyo waandishi wa zamani waliweka B mahali pa P, na F mahali pa V. Tena haziachi alama ya kutenga E na I, wala O na U. Mwenye na Mwinyi, basi, vyaweza kusomwa kwa namna moja.

Kisha wakaja makarani wa Kiingereza. Sheria ya 1906 ilitaka ndoa na talaka za Waislamu ziandikishwe. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani walete madai ya mashamba na viwanja vyao yaandikwe. Amri ya kipande ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, iliwaandika wanaume wa Kiafrika mmoja mmoja. Kila daftari lilikuwa na karani wake, huyu Mgoa, huyu Mhindi, huyu Mwingereza, huyu Mswahili aliyesoma shule ya misheni, na kila mmoja alikuwa na sikio lake. Kiswahili chenyewe hakikuwa na maandishi ya namna moja mpaka ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki 1930. Aliyeandikwa kabla ya hapo hakuwa na kanuni ya kumlinda.

Kuna na jambo jingine ambalo Wazungu hawakuwa nalo. Kule Uingereza jina la ukoo hukaa, maandishi yake ndiyo yanayobadilika. Kwetu jina la mwisho lenyewe hubadilika kila kizazi. Juma bin Ali bin Hamisi akizaa mtoto akamwita Salim, mtoto huyo ni Salim bin Juma bin Ali. Salim akizaa Omari, huyo ni Omari bin Salim bin Juma. Ofisi ikaondoa yale maneno ya bin, ikawaandika Juma Ali Hamisi, Salim Juma Ali na Omari Salim Juma, kisha ikaliita jina la tatu jina la ukoo. Hivyo babu ana ukoo wa Hamisi, baba ana ukoo wa Ali, na mjukuu ana ukoo wa Juma! Asiyejua mila zetu atadhani ni watu wa nyumba tatu mbali mbali, na hapa ndipo warithi wanapoambiwa kuwa majina hayaafikiani.

Kwa wanawake shida ni kubwa zaidi. Bibi aliyeitwa Mwanaisha nyumbani kwa heshima, huenda ikawa katika cheti ni Aisha, au Asha, au Esha. Mara nyingi katika hati za zamani hatajwi kabisa ila kwa kuwa ni binti wa fulani au mke wa fulani. Upande wa kuukeni hupotea hivi hivi, na sheria ya mirathi yetu inawapa wanawake fungu lao kwa jina.

VITABU VYA KANISA NA WAISLAMU

Wako watakaouliza: sisi Waislamu tuna haja gani na vitabu vya kanisa? Jawabu langu ni kwamba haja ipo, nayo si ndogo.

Kumbuka habari za Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa 1614. Kijana huyo alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre wa Kireno na kubatizwa kwa jina la Jerónimo. Aliporudi alitawala kwa jina hilo. Mwezi wa Agosti 1631 akaushambulia Wareno, akaitwaa Ngome ya Mombasa na kurudi katika dini ya baba zake. Anayetafuta habari zake katika maandishi ya Kireno kwa jina la Yusuf peke yake atakosa mengi. Na anayemtafuta kwa jina la Jerónimo peke yake hatajua kwamba ni mtoto wa mji.

Hali kadhalika kwa watu wadogo. Baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, Juni 1873, manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, na wengi katika waliookolewa, watoto kwa wakubwa, walikabidhiwa misheni. Misheni ya CMS ilianzisha kijiji cha Freretown, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, mwaka uliofuata na ule wa 1875. Kengele yake ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Kule Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi 1846, watoro wengi walikimbilia, na mwanzo wa 1889 Kampuni ya Kiingereza ikawalipa mabwana wao fidia ili watoro wale, waliozidi elfu moja, wapewe hati za uhuru.

Mtoto aliyeshushwa jahazini alikuwa na jina la kwao, Yao au Nyasa au Ugindo. Pengine alikuwa na jina la pili alilopewa na mfanya biashara, kama Mabruki, Baraka, Feruzi au Almasi. Akibatizwa alipata la tatu, la Kizungu. Nduguye aliyebaki mjini kwa tajiri alikua Mwislamu, akaitwa kwa jina la Kiislamu. Wajukuu wa ndugu hawa wawili leo wako Kisauni na Majengo, mmoja huenda kanisani na mmoja msikitini, na hawajuani. Karatasi nyingi za misheni hiyo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Daftari la ubatizo halimgeuzi dini anayelisoma. Ni shahidi kama shahidi mwingine.

Najua wapo wazee wasiopenda mambo haya yafukuliwe, kwa kuchelea fedheha ya utumwa. Hofu yao naielewa, kwani katika miji yetu wako waliotumia nasaba kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. Lakini dini yetu imelimaliza jambo hili. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, yaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kwamba makabila yamewekwa ili tujuane, na kwamba ubora ni ucha Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza watu wajue nasaba zao ili waunge udugu, na akakataza kutukanana kwa nasaba. Kujua, basi, ni ibada, na kutukana ni ujahili. Aibu ni ya aliyeuza mtu, si ya aliyeuzwa.

MASHINE NAYO INA UPUNGUFU WAKE

Siku hizi utaambiwa kwamba kompyuta imekwisha kuyatatua yote. Hebu tulipime neno hilo.

Huko Marekani, Robert Russell na Margaret Odell walibuni njia iitwayo Soundex, wakapata hati za uvumbuzi 1918 na 1922. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Marekani iliitumia kupanga majina ya hesabu za watu. Njia yenyewe ni nyepesi. Herufi ya kwanza ya jina huachwa kama ilivyo. Irabu hutupwa, pamoja na H, W na Y. Konsonanti zilizobaki hupewa nambari kwa kufanana kwa sauti: B, F, P na V ni 1, C, G, J, K, Q, S, X na Z ni 2, D na T ni 3, L ni 4, M na N ni 5, R ni 6. Zikitimia nambari tatu husimama, na zikipunguka hujazwa sifuri.

Nimeyajaribu majina yetu kwa njia hii. Mohamed, Muhammad na hata Mwamadi yote huwa M530. Hapo mashine imefaulu vizuri. Lakini Mahmud naye huwa M530, na sote twajua kuwa Mahmud si Muhammad. Tena tazama: Athmani huwa A355, Uthman U355, Othman O355, na Osman O255. Mtu wetu mmoja amekuwa wanne tena! Khamis huwa K520 na Hamisi H520. Mwanaisha huwa M520, na Aisha A200. Sababu ni kwamba njia hii ilitengenezwa kwa majina ya Kizungu, na huishikilia sana herufi ya kwanza, ilhali majina yetu ya Kiarabu yalipoingia katika Kiswahili yalibadilika hasa hapo mwanzoni.

Ziko njia mpya zaidi, lakini mafunzo ni yale yale. Tangu 2023 Serikali ilipotangaza mpango wa Maisha Namba, kila mtu apewe nambari moja tangu kuzaliwa, watu wengi wamekuwa na tamaa kwamba fujo za majina zitakwisha. Kwa mtoto wa leo huenda ikawa hivyo. Lakini nambari ya mtoto haimfikii babu aliyekufa kabla ya uhuru, na mashine inayolinganisha herufi kwa herufi itamkana babu huyo kuliko karani alivyomkana, kwani karani husikia maelezo.

LIPI LA KUFANYA

Waliotangulia katika kazi hii wametuachia kanuni ambazo zatufaa. Anza na unayemjua, uende nyuma kidogo kidogo: cheti chako, cha babako, kisha cha babu. Usiruke. Nakili jina kama ulivyolikuta, na makosa yake, wala usilisahihishe, kwa sababu lile kosa ndilo litakalokupeleka kwenye daftari jingine. Usishike jina peke yake, shika na majirani wa jina: mke ni nani, mashahidi ni nani, kijiji gani, kazi gani, shamba limepakana na la nani. Majina ya kina Ali bin Salim ni mengi kama mchanga, lakini Ali bin Salim nahodha, mume wa Fatuma, mwenye nyumba karibu na msikiti fulani, ni mmoja tu.

Waulizeni wazee nao wangali hai, na mwaandike maneno yao pamoja na tarehe. Mahakama ya Kadhi, ambayo Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeipa kazi ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, husikiliza mashahidi, lakini shahidi aliyekwisha zikwa hawezi kuitwa.

Kisha kuna la umma. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za Serikali mjini Dublin iliungua, na daftari nyingi za parokia za Ireland zilizokuwa zimewekwa humo zikawa majivu. Zilizosalimika ni zile zilizobaki makanisani, au zilizokuwa zimenakiliwa. Sisi moto wetu ni mchwa, chumvi ya bahari na panya. Daftari za ndoa za makadhi, vitabu vya maziko vya misikiti, hati za wakfu zilizofungwa katika vitambaa, vyote hivi vyahitaji kupigwa picha sasa, nakala moja ibaki kwa wenyewe na nyingine iwekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Vijana wetu wana simu zenye kamera kila mfuko, na kamati za misikiti hazikosi vijana. Lakini nyaraka za nyumba ya mtu zipigwe picha kwa idhini yake, kwani humo mna siri za watu.

Nayo Serikali inapasa kutengeneza kwa sheria na kwa maagizo orodha ya majina yajulikanayo kuwa ni mamoja, itiwe sahihi na watu wa lugha na makadhi, ili afisa akiona Athmani na Uthman asimrudishe mzee nyumbani kutafuta hati ya kiapo. Na katika fomu pawe na mahali pa kuandika bin na binti, na jina la ukoo la kweli kwa mwenye nalo. Halitagharimu nchi mali nyingi, na litawaondolea maskini gharama kubwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nawaongezea kwamba watu nao ni mali. Basi jioni ya leo mwenye babu au nyanya aliye hai na amwendee kwa adabu, ashike kalamu, amwulize: mamako aliitwa nani, na mamake yeye aliitwa nani? Aandike namna zote atakazotajiwa, moja chini ya nyingine, na tarehe ya siku hiyo.